Titlist ya Brunswick ya kipande kimoja: nisafishe, nikate, au niiache ilivyo?

Kitako_Kizito
Wadau, hamjambo. Swali hili ni la wanaokusanya fimbo za kale za pool. Kama unazijua za baa tu, zile zilizofungwa utepe wa umeme, karibu usome na sisi.

Nina fimbo ya pool ya kipande kimoja, imetoka kwenye mnada wa vitu vya nyumbani hapa Ohio. Urefu sm 145, uzito gramu 565 kwa mizani ya jikoni. Mbele ni mepo (mbao ya maple), kitako, yaani nusu ya nyuma, ni mbao nyeusi yenye wekundu ambayo nadhani ni roziwudi, na meno manne, yaani ncha ndefu za mbao hiyo, yanapanda kutoka kwenye kitako yakiwa na vinia (mbao nyembamba kama karatasi) za rangi pembeni. Neno Titlist limefifia lakini linasomeka. Hali yake:

- feruli (kifuniko cha ncha kinachobeba tipu) ina ufa wa wima na imegeuka njano
- tipu (kile kipande cha ngozi kinachopiga mpira) hakuna kabisa
- sm 30 za juu za shafti (sehemu nyembamba ya mbele) ni bluu tupu ya chaki, na kuna mabonyeo mawili, moja ukucha unaingia
- nikiiviringisha mezani naona mwanga chini yake katikati, kama mm 2
- vanishi ya kitako imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka

Nataka kujua kama ni yenyewe, nisafisheje, na kama nimsikilize fundi wa hapa anayetaka kuikata katikati aweke kiungo cha chuma.

Fundi_Kerezo
Mkuu, msasa uweke mbali kwanza. Mengine yote yanategemea kama ni yenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Titlist ilikuwa fimbo ya ukumbini ya daraja la juu ya kampuni ya Brunswick ya Marekani, na thamani yake iko kwenye kiungo kamili. Maana yake mbao ya kitako imechongwa meno yanayopanda, mepo imechongwa meno yanayoshuka, vikapandikizwa kama vidole vya mikono miwili na kubanwa kwa gundi. Hakuna skrubu ndani. Kiungo nusu ni kitu kingine: mepo inachimbwa mifereji ya umbo la V, vipande vya mbao nyeusi vinagundishwa humo, halafu huko chini penye mshiko inaungwa na kitako kwa skrubu. Ya tatu ni picha tu iliyobandikwa.

Zima taa ya dari, washa ya mezani, mwanga upige kwa ubavu. Vuta ukucha taratibu kuvuka ukingo wa jino. Picha ya kubandika ina kijingazi hafifu, na ukiweka lenzi utaona nukta za uchapaji. Jino la kweli lina vinyweleo vya mbao vinavyokwenda hadi nchani. Kisha shuka chini uangalie upande wa pili: kwenye kiungo kamili, mepo nayo inashuka katikati ya meno na kuishia kwa ncha. Ikikatika ghafla kwa mstari uliozunguka fimbo, hiyo si kiungo kamili.

Pima pia urefu wa meno yote manne. Tofauti ndogo ni kawaida kwa kazi ya kiwandani. Lakini jino moja likiwa fupi kwa sm 2 au 3 kuliko la mkabala wake, kuna mtu aliikereza upya baada ya kupinda, bila kuiweka katikati ya mashine. Upande mmoja ukaliwa zaidi, na ncha ya jino la upande huo ikasogea. Hilo halirekebishiki.

Kuhusu umri, kama kuna chapa inayotaja Brunswick-Balke-Collender, jina hilo lilianza 1884 na kampuni ikaliacha 1960 ilipojiita Brunswick Corporation. Chapa inakupa mipaka tu, haikupi mwaka.

Halafu vanishi. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Yale maandishi ya Titlist yanashikwa na hiyo hiyo vanishi iliyopasuka. Ukiitoa, maandishi yanaondoka nayo ndani ya sekunde kumi, na fimbo inabaki mbao nzuri isiyo na jina. Kwa hiyo pima kwanza. Nenda karibu na mpira wa kitako, mahali pasipoonekana, gusa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti. Pakinata, ni shelaki. Pasiponata, gusa kwa thina ya lakeri: pakilainika, ni lakeri ya nitro. Isipobadilika kwa vyote viwili, mtu ameshapaka vanishi ya kisasa juu.

Kusafisha uchafu wa mikono tumia nafta, ile petroli ya kujazia kiberiti cha Zippo. Haiyeyushi shelaki wala lakeri ya nitro. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisichuruzike, dirisha wazi, hakuna jiko wala sigara. Futa kufuata urefu wa mbao. Geuza kitambaa kila kikichafuka, maana uchafu wenye mchanga unakwaruza. Ikikauka, paka nta ya Renaissance kidogo mno, acha dakika chache, sugua. Makumbusho wanaitumia kwa sababu inatoka tena bila kuumiza kilicho chini. Nyufa zitabaki, na ziache zibaki. Na usizungushie utepe wa karatasi popote penye lakeri iliyopasuka, utabandua magamba.

ChakiBluu
Nyongeza kwenye shafti, maana Fundi ameishia kwenye kitako.

Kabla ya kugusa chochote chukua kalipa ya venia (kifaa cha kupimia unene) uandike vipimo: chini ya feruli, kisha kila sm 10 kushuka hadi sm 50. Ukimaliza kazi pima tena. Kazi safi haipotezi hata mm 0.05. Shafti za zamani zimeshaliwa na misasa ya miaka mingi, na shafti iliyokuwa mm 13 ikifika mm 11.5 haichezi kama fimbo hiyo tena.

Chaki: nafta haitoshi, maana rangi imeingia kwenye vinyweleo. Tumia spiriti kwenye kitambaa cheupe kwa shafti tupu isiyo na vanishi, viboko virefu. Itatoka kama nusu. Ile sponji nyeupe ya melamini inatoa zaidi, lakini jua kwamba ni msasa mlaini sana. Pitisha mara mbili tatu, ikiwa na unyevu mdogo, basi. Ubluu utakaobaki ni wa haki yake. Anayetaka mepo iwe nyeupe kama ya dukani anunue ya dukani.

Mabonyeo yanatolewa kwa mvuke, si kwa msasa. Bonyeo ni mbao iliyobanwa, haijaondoka. Ukisugua msasa unashusha pande zote mpaka zifikie shimo, na fimbo inapata kiuno. Fanya hivi:

Kata kipande cha kitambaa cha pamba ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lowesha, kamua, weka juu ya bonyeo peke yake. Subiri dakika tano. Pasha mgongo wa kijiko cha chuma kwenye maji yanayochemka, kaushe haraka, bonyeza juu ya kitambaa sekunde tatu hivi. Utasikia kama kinapumua. Inua, angalia. Rudia hadi ukucha usiingie tena. La kwako lenye kina linaweza kutaka mara nne au tano. Kama vinyweleo vya mbao vimekatika, yaani bonyeo lina ukingo mkali kama wa kisu, halitarudi lote.

Acha siku nzima ikauke. Pale palipoloa patakuwa na vijinywele. Msasa namba 1000 mkavu, kwa uzito wa kidole tu, kisha 2000, kisha sugua kwa kipande cha ngozi hadi pawe pa moto. Ule moto ndio unaoziba vinyweleo. Anayeanza na namba 220 anaharibu, na ukiona feruli imesimama juu ya mbao kama kofia, ujue huyo ndiye aliyepita hapo.

Mstari_Mnyoofu
Hiyo mm 2 tuitazame kabla hatujaiita kupinda. Shafti nyingi zina mnyooko wa unene usiolingana, zinakuwa nyembamba mbele kwa urefu fulani kisha ndipo zinanenepa, kwa hiyo mwanga lazima uonekane. Kinachosema ni *mabadiliko* ya mwanga fimbo inapozunguka. Ukibaki mm 2 kila upande, fimbo imenyooka. Ukitoka 0 hadi 2 na kurudi, imepinda.

Kisha weka kitako peke yake mezani, shafti ining'inie nje ya ukingo, zungusha. Ncha ikichora duara huku kitako kimetulia, pindo liko mbele ya meno, na kwa fimbo ya umri huo si msiba. Kitako chenyewe kikiruka, pindo liko kwenye kiungo, na hapo angalia kama gundi imeachia: tafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele kando ya jino. Inua fimbo wima sm 3 juu ya zulia, iachie, sikiliza. Mlio mmoja mkavu ni salama. Ukisikia mtetemo kama wa nzi kwenye chupa, kuna kitu kimelegea: mpira, feruli, au jino.

Kunyoosha kwa goti na joto ni kujidanganya. Inanyooka mchana huo, baada ya wiki mbili imerudi, kwa sababu kilichoipinda ni unyevu usio sawa pande mbili, na huo haujaondoka. Kinachosaidia wakati mwingine ni kuitundika wima ikishikwa juu kwenye shafti, isiguse ukuta, kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50, wiki sita au nane. Andika kipimo cha mwanga mwanzoni na mwishoni. Isipobadilika, izoee.

Rafu_ya_Juu
Kuhusu kukata: huyo fundi hakosei kihistoria. Mafundi maarufu wa fimbo, Herman Rambow kule Chicago na George Balabushka kule Brooklyn, walichukua Titlist nzima nzima wakazigeuza kuwa fimbo za vipande viwili. Balabushka alianza kutengeneza fimbo 1959, akafa 1975, na kazi zake za mwanzo zimejaa meno ya Titlist, kabla hajaanza kupata vipande vyenye meno kutoka kwa mafundi wenzake Burton Spain na Gus Szamboti. Kwa hiyo kukata ni desturi ya heshima.

Ila hesabu imegeuka. Wakati ule Titlist zilikuwa zimejaa kumbini. Sasa kila inayokatwa inapunguza zilizobaki nzima, na yako ina maandishi. Kukata kunahitaji kukereza fimbo yote upya ili pande mbili zikae kwenye mstari mmoja, na kukereza kunaondoa lakeri, maandishi, na sehemu ya ncha za meno. Ukishakata unakuwa na fimbo ya fundi wa Ohio yenye mbao ya Brunswick. Inaweza kucheza vizuri sana, sikatai. Kama lengo ni kucheza, tafuta Titlist iliyokwisha pigwa msasa na kupoteza jina, hiyo ndiyo ya kukata.

Na tahadhari moja kwa anayenunua: meno ya Titlist kwenye fimbo ya vipande viwili hayathibitishi kwamba ni Balabushka. Yanathibitisha Brunswick tu. Bandia nyingi zinajengwa juu ya pengo hilo hilo.

Fundi_Kerezo
Sikubaliani na "izoee" wala na kuogopa kukata kwa kila hali. Fimbo iliyopinda kwenye shafti, ikikatwa juu ya meno, shafti mbovu inatupwa na kitako kinaokolewa. Kwa pindo la mm 5 au 6 hiyo ndiyo tiba pekee. Kwa mm 2, nakubaliana na Rafu, iache.

Kitako_Kizito
Ahsanteni sana. Nimepima: mwanga unatoka karibu 0 hadi 1.5, na kitako kimetulia. Meno yanatofautiana mm 4. Spiriti haikunatisha, thina ililainisha, kwa hiyo ni lakeri. Haikatwi.

Swali jipya: feruli. Nimeangalia kwa lenzi naona mistari midogo inayokatizana. Je, inaweza kuwa pembe ya ndovu? Nichome kwa sindano ya moto kama wanavyosema?

Rafu_ya_Juu
Usichome! Feruli ya zamani inaweza kuwa seluloidi, na seluloidi inawaka kama kiberiti. Ni plastiki ile ile ambayo John Wesley Hyatt aliihangaikia miaka ya 1860 akitafuta mbadala wa pembe kwa mipira ya biliadi. Isugue kwa kitambaa hadi ipate joto, kisha inuse. Ikinuka kafuri, ni seluloidi.

Pembe ya kweli ina mistari inayokatizana kwenye *uso wa juu*, pale tipu inapokaa, si ubavuni. Ubavuni utaona mistari mirefu isiyolingana. Mistari ya ubavuni iliyonyooka na kulingana kama ya rula ni plastiki iliyoigizwa. Kwa tembo, kona za makutano ya mistari karibu na ukingo wa nje wa pembe yake ni butu, zaidi ya digrii 115. Lakini feruli ni kipande kidogo, mara nyingi huoni makutano ya kutosha kupima.

Ikiwa ni pembe, usiitoe nje ya Marekani bila kuuliza sheria, na usiifikirie kuileta Kenya au Tanzania. Tembo wa huku wako Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu uamuzi wa 1989. Kitako nacho kikague: roziwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, iko kwenye kiambatisho hicho hicho tangu 1992. Roziwudi nyingine zote za jamii ya Dalbergia ziliingia Kiambatisho cha Pili Januari 2017, na mpingo wetu umo, maana nao ni Dalbergia.

Kitako_Kizito
Mistari iko ubavuni tu, imenyooka kama rula, na inanuka kafuri waziwazi. Basi ni seluloidi, tena imepasuka. Nabadilishaje?

ChakiBluu
Kama unataka kuiweka ukutani, usibadilishe. Tone la gundi nyembamba ya haraka kwenye ufa, futa papo hapo, imekwisha. Kwa kucheza, badilisha, kwa sababu ufa wa wima unakua kila pigo na mwisho unavunja ulimi wa mbao ulioko ndani.

Mwenye mashine ya kereza aikereze feruli hadi ibaki ngozi nyembamba kisha aibandue. Bila mashine, chora mstari mmoja wa wima kwa msumeno mwembamba, kinyume na ufa, simama kabla hujagusa mbao, kisha panua kwa ncha ya bisibisi ndogo. Usitumie moto, tumeshasema kwa nini. Vumbi lake pia lifagie mara moja.

Ulimi mara nyingi ni mm 8. Upime mahali patatu, maana wa zamani si duara kamili. Feruli mpya itobolewe iwe pana kuliko ulimi kwa mm 0.1 hivi, ili gundi ipate pa kukaa. Chora mfereji mmoja wa kina kidogo kwa tupa kwenye ulimi, hewa na gundi ya ziada vipate njia. Bila mfereji hewa inabanwa ndani, feruli inarudi juu yenyewe usiku, na asubuhi unakuta pengo. Epoksi ya polepole, ya saa 24. Ile ya dakika tano inabaki laini, na gundi ya haraka inakauka kama kioo na kukatika kwa mapigo.

Kushusha unene hadi ulingane na mbao: zungushia shafti utepe chini tu ya feruli (hapo hakuna lakeri, ruksa), tumia tupa laini hadi uguse utepe, toa utepe, malizia kwa namba 600 na 1000 juu ya kibao. Msasa wa mkononi bila kibao unaviringisha kingo.

Tipu: sugua uso wa feruli na mgongo wa tipu kwenye msasa uliowekwa juu ya kioo, vyote viwe bapa kabisa, futa kwa spiriti, gundi ya haraka nzito kiasi cha punje ya mchele, bonyeza dakika moja, acha saa kadhaa. Zinazoruka ni zile zilizobandikwa juu ya uso wenye mafuta au uliobinuka. Umbo lake fuata mviringo wa sarafu ya senti 5 ya Marekani.

Bandari_Kuu
Nadandia uzi. Huku Mombasa tunakutana zaidi na fimbo za Kiingereza, za snuka na biliadi: mbao ya ashi mbele, ya eboni nyuma, beji ya kiwandani, ncha mm 9 hadi 10, feruli ya shaba nyeupe au njano. Haya ya mepo yanafaa kwa ashi?

Mstari_Mnyoofu
Mvuke na vipimo ndiyo, msasa hapana kabisa, kuliko hata kwa mepo. Ashi ina vinyweleo vipana vilivyo wazi, ndiyo inayokupa ile michoro ya mishale. Ukisugua unaondoa mbao laini katikati ya ngumu, inabaki na matuta. Safisha kwa nafta, kisha mafuta ya kitani matone manne au matano tu kwenye kitambaa, pitisha, ngoja nusu saa, futa yote yasiyoingia, acha siku nzima. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandaze nje au vitumbukize majini. Vikirundikwa kwenye ndoo vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka.

Meno ya Kiingereza yasome kinyume na ya Kimarekani. Yaliyounganishwa kwa mkono yana ncha za mviringo, kwa sababu mafundi waliranda ashi pande nne na kugundisha eboni juu yake. Ncha kali ndefu kama sindano ni kazi ya mashine. Beji zisome pia: ya mchezaji Joe Davis inayotaja 147 (pointi za juu kabisa za mkupuo mmoja wa snuka, alizofikisha mwaka huo) haiwezi kuwa ya kabla ya 1955. Ila beji inahamishika, kwa hiyo angalia kama kuna kivuli cha beji kubwa zaidi chini yake.

Eboni ikiwa imemeguka, mpingo unafanana rangi na unakubali kupigwa msasa hadi ung'ae, lakini una mafuta. Futa kwa asetoni dakika chache kabla ya epoksi, isiwe jana yake, mafuta yanarudi juu.

Na kwa pwani, adui ni hewa. Kwenye chumba cha asilimia 45 mbao inatulia kwenye unyevu wa asilimia 8 au 9. Kwenye hewa ya Mombasa ya asilimia 75 hadi 80 inapanda hadi 14 au 15. Fimbo iliyofungwa feruli kule kukavu ikifika huku ulimi unavimba na kupasua feruli kwa ndani. Iache wiki tatu imefungwa kwenye mfuko wake kabla ya kuigusa, na kazi ya feruli ifanyike huku huku.

Bandari_Kuu
Sawa kiongozi. Ninayo moja yenye ufa huo huo, na ilitoka Leeds mwezi uliopita.

Mstari_Mnyoofu
Basi usibadilishe feruli leo. Pima ulimi kila Jumamosi, kipimo kikifanana wiki mbili mfululizo ndipo uagize.